Kusoma Granada kama mwanafunzi wa kubadilishana: mwongozo kwa anayetoka Afrika Mashariki

Ukichaguliwa kwenda kusoma Hispania, watu watakupongeza kana kwamba kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Nimeandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar, Kampala au Bujumbura, ambaye atabaki mwanafunzi wa chuo chake lakini atasoma muhula mmoja au miwili katika Chuo Kikuu cha Granada, kusini mwa Hispania. Nimechagua Granada kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1531, kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vyuo vya Ulaya vinavyopokea wanafunzi wengi zaidi wa Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Mengi ya haya yatakufaa hata ukipangiwa Sevilla, Valencia au Salamanca.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloamua kama utasoma kwa raha au kwa kuhangaika: Granada inaendeshwa kwa Kihispania. Ofisini, darasani, kwa mwenye nyumba, kwa daktari, ni Kihispania. Kiingereza ulichofaulia vizuri nyumbani hakitakufikisha mbali. Ndiyo maana lugha nimeitanguliza kabla ya viza.

Hatua ya 1: Anza lugha leo, si baada ya kupata tiketi

Vitivo vingi hutaka mwanafunzi mgeni awe na kiwango cha B1, na baadhi ya masomo hutaka B2 (ngazi za lugha za Ulaya huanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2). Soma masharti ya kitivo chako hasa, maana hutofautiana. Hata pale wasipokuuliza cheti, wiki ya kwanza ya mihadhara itakuuliza.

Anayesema Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawaujui. Irabu za Kihispania ni hizihizi tano zetu, na hutamkwa vilevile; siku ya kwanza tu utasoma aya ya gazeti kwa sauti na Mhispania akakuelewa. Ñ ni "ny" ya nyanya. Z ya watu wa Madrid ni "th" ya thelathini. J ni "kh" wanayoitamka wazee wa pwani wakisema Khamisi, ingawa Granada hulegea ikawa karibu na h ya kawaida. Na upatanisho wa kisarufi hautakutisha: aliyekua akisema "vitabu vizuri vile" hashangazwi na "los libros buenos". Kinachotesa ni vitenzi: nyakati mbili za wakati uliopita, na ile hali wanayoiita subjuntivo. Peleka nguvu zako huko.

Kisha zoeza masikio. Kihispania cha vitabuni ni kimoja, cha Andalucía, jimbo ilimo Granada, ni kingine. S ya mwisho humezwa na d ya katikati hupotea, kwa hiyo "más o menos" husikika "ma o meno", na "pescado" huwa "pescao". Sikiliza Canal Sur, redio na televisheni ya umma ya Andalucía, kupitia intaneti, nusu saa kila siku hata kama huambulii kitu. Baada ya wiki kadhaa maneno huanza kujitenga yenyewe.

Kuhusu vyeti, viwili vinavyotambulika zaidi ni DELE na SIELE, vyote vikihusiana na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yake. DELE haina mwisho wa matumizi. SIELE hufanywa kwa kompyuta, majibu hutoka haraka, na hudumu miaka 5. Kabla ya kulipa, uliza Granada kama barua ya mwalimu wako wa lugha inatosha. Baadhi ya vitivo huikubali, na utaokoa pesa.

Kipimo changu cha kuwa tayari ni simu. Ukiweza kumpigia mtu usiyemwona, ukaulizia chumba, ukaomba miadi na kutaja jina lako herufi kwa herufi, umeiva. Kama bado, endelea.

Hatua ya 2: Amua kama ni muhula mmoja au mwaka mzima

Watu wengi huona hili ni suala la masomo tu. Kumbe ni suala la uhamiaji pia. Hispania hutofautisha mwanafunzi atakayekaa hadi siku 180 na atakayezidi hapo. Wa siku 180 au pungufu hutumia viza yake tu mpaka mwisho. Anayezidi huongezewa cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai, cheti cha daktari, na akishafika, kitambulisho cha mgeni kiitwacho TIE.

Muhula wa kwanza huanza Septemba na mitihani yake huisha Januari, na wa pili huanza Februari hadi mitihani ya Juni. Kila mmoja peke yake unaingia ndani ya siku 180 bila kubanwa. Ukiwa na muda mfupi wa kuandaa karatasi, muhula mmoja utakupunguzia mzigo mkubwa. Lakini kama idara yako inakuruhusu na fedha zipo, mimi husema chukua mwaka. Muhula wa kwanza masikio yanafunguka. Wa pili ndio unaofaidi.

Hatua ya 3: Karatasi za vyuo viwili

Huwezi kujiombea mwenyewe Granada kama mwanafunzi wa kubadilishana. Lazima chuo chako kiwe na makubaliano hai na Granada, na kikuteue. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako uulize mambo mawili: kuna makubaliano na chuo gani cha Hispania, na yanahusu fani ipi? Wapo wanaoambiwa "makubaliano yapo," wakajiandaa miezi kadhaa, kisha wakagundua ni ya wahandisi tu. Mpango wa Erasmus+ si wa Wazungu peke yao. Vyuo vya nje ya Ulaya hushirikishwa, na mwanafunzi anaweza kukaa kuanzia miezi 2 hadi 12 bila kulipa ada ya masomo kule. Anayekwenda Septemba huteuliwa kwa kawaida msimu wa masika wa mwaka huohuo, kwa hiyo maulizo yaanze mwaka mmoja kabla.

Ukishateuliwa, kuna mkataba wa masomo, unaosainiwa na wewe, chuo chako na Granada. Hapo unaandika masomo utakayochukua kule na yale ya nyumbani yatakayohesabiwa umeyamaliza. Mzigo wa kawaida ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, kwa muhula, na kwa kuwa masomo mengi ya Granada yana krediti 6, hiyo ni masomo matano. Usiyachague kwa majina. Kila somo lina waraka unaoitwa guía docente, uliowekwa wazi kwenye tovuti ya chuo, unaoeleza mada, vitabu na jinsi alama zinavyogawanywa. Soma sehemu ya alama kuliko zote: mtihani ni asilimia ngapi, kazi za vikundi ngapi, mahudhurio yanahesabiwa au la.

Angalia pia kampasi. Chuo hiki hakina uzio wala geti moja; kimetawanyika mjini. Fasihi, saikolojia, elimu na uchumi viko juu ya kilima cha Cartuja, sayansi ziko Fuentenueva, sheria ipo katikati ya mji, tiba na afya ziko PTS, eneo la teknolojia ya afya upande wa kusini kabisa. Ukiweka somo la saa nne asubuhi Cartuja na la saa sita PTS, utalikosa moja kila wiki.

Hatua ya 4: Hesabu ya pesa

Ruzuku ya Erasmus+ kwa mwanafunzi anayeingia Hispania kutoka nje ya Ulaya imekuwa yuro 850 kwa mwezi, na kuna mchango wa nauli unaotegemea umbali. Inatosha kuishi Granada ukijibana kidogo, maana ni miongoni mwa miji ya Hispania yenye maisha nafuu kwa wanafunzi. Chumba katika nyumba ya kushirikiana hukugharimu takriban yuro 250 hadi 400, na juu yake weka umeme, gesi, chakula na basi.

Tatizo si kiasi, ni wakati. Pesa hizi hutolewa kwa mafungu, na mara nyingi fungu la kwanza hutoka ukishafika na kukabidhi karatasi za kuwasili. Wakati huo tayari umelipa nauli, viza, bima, kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya chumba. Tafuta mapema fedha za kukutosha mwezi na nusu bila ruzuku: familia, mkopo wa chuo, akiba. Ikishindikana kabisa, ongea na ofisi ya kimataifa kabla ya kuondoka. Wakati mwingine huweza kutoa sehemu mapema, lakini hawatoi kwa asiyeomba. Na usipange bajeti yako kwa kutegemea kibarua cha kule.

Hatua ya 5: Viza

Hispania ina balozi Dar es Salaam na Nairobi, na pia Kinshasa kwa walioko Kongo. Kama nchi yako haina, uliza ni ubalozi upi unaokuhudumia. Omba miadi mara tu barua ya kupokelewa inapotoka Granada. Maombi yanatakiwa yawe yamefika angalau miezi miwili kabla ya masomo kuanza.

Utaombwa fomu, pasipoti, picha, barua ya kupokelewa, bima ya afya, uthibitisho wa fedha, na kwa kawaida mahali utakapofikia. Kipimo cha fedha ni kiwango kiitwacho IPREM, ambacho kimekuwa yuro 600 kwa kila mwezi utakaokaa. Barua ya ruzuku inayotaja kiasi na miezi huondoa maswali mengi.

Bima ndiyo inayoangusha wengi. Bima ya msafiri ya kawaida, ile ya watalii, hukataliwa. Inatakiwa iwe ya kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Hispania, na ikinge matibabu kwa mapana kama huduma ya umma ya kule, bila wewe kuchangia kila unapomwona daktari. Ombeni ofisi ya Granada iwape majina ya bima ambazo wanafunzi wao wa nje hutumia.

Kwa atakayezidi siku 180, cheti cha polisi kisisubiri. Kikishatoka, kinahitaji kuthibitishwa: nchi iliyomo katika mkataba wa apostille, muhuri wa kuthibitisha hati unaokubalika kimataifa, hutoa muhuri huo, isiyokuwemo hupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa Hispania. Halafu kuna tafsiri ya Kihispania ya mfasiri aliyeapishwa. Uliza ubalozini kwanza wanakubali tafsiri ya nani, na ufuate utaratibu huu: muhuri kwanza, tafsiri baadaye, ili na muhuri wenyewe utafsiriwe.

Sasa majina. Wahispania wana majina mawili ya ukoo, na kila fomu ina kisanduku cha primer apellido na cha segundo apellido. Msichana anayeitwa Asha Juma Khamis ataandikwa mahali pengine Khamis, mahali pengine Juma Khamis, na mwishowe benki itasema si mtu mmoja. Chagua mpangilio mmoja unaofuata pasipoti yako neno kwa neno, uutumie kwenye barua ya chuo, bima, tiketi na mkataba wa nyumba bila kubadili hata nukta.

Hatua ya 6: Safari

Wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul na kushukia Madrid au Málaga. Kutoka uwanja wa Málaga kuna mabasi ya kwenda Granada, safari ya takriban saa mbili. Kutoka Madrid kuna treni ya mwendokasi iliyoanza kufika Granada mwaka 2019, au basi la takriban saa tano ambalo ni rahisi zaidi kwa bei. Ukipitia nchi nyingine ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kati yao, kabla ya kufika Hispania, tunza kipande cha tiketi ya ndege; utaulizwa uliingia lini.

Mkononi, si kwenye begi kubwa, weka barua ya kupokelewa, bima, mkataba wa masomo, ruzuku na anwani ya kufikia. Chukua na adapta, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za kule zenye matundu mawili ya duara. Saa za Granada ziko nyuma ya za Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Mweleze mama mapema asije akasubiri simu hadi usiku wa manane.

Hatua ya 7: Chumba

Usitume pesa kwa chumba ambacho hujakiona. Sheria hii haina ubaguzi. Matapeli wanajua kwamba Agosti kuna maelfu ya wageni wanaotafuta, na picha nzuri ya ghorofa ya katikati ya mji kwa bei ya kutupa ndiyo chambo chao. Panga hosteli ya siku chache, ufike, uzunguke, uone kwa macho.

Wanafunzi hukaa sana maeneo ya Plaza de Toros, Camino de Ronda, mtaa wa Pedro Antonio de Alarcón na pembeni mwa Fuentenueva. Realejo na Albaicín ni mazuri kupita kiasi, vichochoro vya mawe na maua dirishani, lakini bei iko juu, na Albaicín ni mlima wa kupanda na mifuko ya sokoni. Zaidín na La Chana ni mitaa ya wenyeji wa kawaida, nafuu, na mabasi yapo.

Ukienda kuona chumba, uliza maswali haya kwa mpangilio: kodi inajumlisha umeme, maji na intaneti, au "gastos aparte"? Dhamana, yaani fianza, ni ya miezi mingapi na itarudishwa lini? Mkataba upo kwa maandishi na utaniruhusu kujiandikisha manispaa? Na joto la nyumba linatoka wapi?

Hilo la mwisho wengi wetu huliruka kwa kudhani kusini mwa Hispania ni joto. Granada iko kwenye mwinuko wa karibu mita 700, chini ya Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kina mita 3,479 na theluji yake unaiona ukiwa kituo cha basi. Usiku wa Januari hushuka chini ya sifuri. Nyumba zimejengwa kwa ajili ya kukabiliana na joto la Julai: sakafu ya vigae, kuta baridi, madirisha yanayopitisha upepo. Ukiona mfumo wa joto wa pamoja wa jengo, "calefacción central", chumba hicho kinastahili yuro chache zaidi. Kwenye nyumba za zamani utakuta mesa camilla, meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni, na chini yake kifaa cha umeme cha kupasha moto. Wote huingiza miguu humo, wakajifunika kitambaa magotini, na jioni nzima hakuna anayetaka kuinuka. Kihispania changu kingi kilitoka kwenye meza ya namna hiyo.

Hapo pia ndipo napoelekea: kaa na Wahispania. Nyumba ya Waafrika Mashariki wanne ni faraja, na wali wa nazi utapikwa, lakini mtaondoka mkijua Kihispania cha dukani tu. Tafuta nyumba yenye Wahispania angalau wawili, na wenzako wa nyumbani mkutane Jumapili.

Nisifiche na jambo gumu. Wapo wenye nyumba ambao chumba "kimeshachukuliwa" wakishasikia lafudhi yako au kuona uso wako. Hutokea, linauma, na si kosa lako. Piga simu nyingi, nenda ukiwa na mwanafunzi mwenyeji ukiweza, na uitumie ofisi ya makazi ya chuo. Wema nao ni wengi, na ndio utakaokaa nao.

Hatua ya 8: Ofisi za mwezi wa kwanza

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila karatasi huzaa nyingine. Kwanza ripoti chuoni, kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa iliyo eneo la Triunfo, upate cheti cha kuwasili na usajili. Pili, jiandikishe manispaa. Huitwa empadronamiento, na huthibitisha unaishi wapi. Tatu, kwa wanaozidi siku 180, omba TIE ndani ya mwezi mmoja tangu kuingia nchini: fomu EX-17, risiti ya malipo ya fomu 790 namba 012, picha, pasipoti, empadronamiento, kisha alama za vidole polisi.

Miadi ya polisi, cita previa, ni shida kuipata Septemba na Oktoba. Ingia kwenye mfumo asubuhi mapema, jaribu kila siku, na usimlipe mtu wa mtaani anayesema atakuuzia nafasi. Ukiona mwezi unakaribia kuisha, hifadhi picha za skrini zinazoonyesha ulijaribu lini, na iarifu ofisi ya chuo kwa maandishi.

Akaunti ya benki ya Hispania fungua mapema, hata kama ruzuku inaingia kwingine. Wenzako watagawana bili ya umeme kwa Bizum, ambayo kwao ni kama M-Pesa, na inahitaji akaunti ya kule.

Hatua ya 9: Darasani

Wahadhiri wengi huitwa kwa jina lao na huambiwa "tú", yaani "wewe" ya kirafiki. Hakuna "shikamoo", hakuna kusimama. Usidhani hakuna heshima. Inaonyeshwa kwa kuwahi, kusoma kabla na kuuliza swali. Nenda ofisini kwa mhadhiri wiki ya kwanza, saa zake za kuonana na wanafunzi huitwa tutorías, ujitambulishe kuwa ni mgeni na useme kiwango chako cha lugha. Wengi hukusaidia zaidi ya unavyotegemea, lakini lazima wakujue.

Masomo mengi yana tathmini endelevu: kazi ndogondogo, mazoezi, mawasilisho ya kikundi. Wanaotaka mtihani mmoja tu wa mwisho huuomba kwa maandishi mwanzoni mwa somo, ndani ya wiki mbili za kwanza, na huitwa evaluación única final. Nakushauri uikatae. Alama ndogondogo ndizo zinazombeba mgeni asiyeweza kuandika kurasa sita za Kihispania kwa saa mbili.

Vikundi hupangwa haraka sana, na marafiki wa tangu mwaka wa kwanza hukimbiliana. Usisubiri kualikwa. Siku hiyohiyo mgeukie aliye kando yako: "¿Puedo ir con vosotros?" Kisha omba uingizwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa sababu mabadiliko ya chumba, notisi na tarehe hupita huko kabla ya kufika kwenye PRADO, mfumo wa masomo wa chuo. Na ukiona somo limekushinda ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, libadilishe. Mkataba wa masomo una sehemu ya mabadiliko, lakini lazima chuo chako nacho kisaini. Usibadilishe Granada peke yake.

Lugha ya ziada ipo: Centro de Lenguas Modernas, kituo cha lugha cha chuo kilichoko Realejo, kina kozi kwa wanafunzi wa kigeni. Halafu kuna intercambio, kukutana na Mhispania mkazungumza nusu saa Kihispania na nusu saa Kiingereza. Kiingereza hutafutwa sana na wanafunzi wa kule, na wewe unacho. Kitumie kununulia Kihispania.

Hatua ya 10: Chakula, ibada na kuishi

Mchana huliwa kati ya saa nane na saa kumi, usiku kuanzia saa tatu au saa nne. Maduka mengi madogo hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili hata ya vyakula hufungwa, hivyo nunua Jumamosi. Migahawa ya chuo, comedores universitarios, hukupa mlo kamili kwa chini ya yuro 5: supu au saladi, chakula kikuu, mkate na tunda.

Granada ni maarufu kwa tapas. Ukiagiza kinywaji, hata soda au maji ya matunda, unaletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo. Asiyekula nguruwe awe macho hapa, kwa sababu sahani hiyo mara nyingi huiagizi, inakuja tu. Sema mapema, "sin cerdo, por favor" (bila nguruwe, tafadhali), na uongeze "ni jamón" (wala jamón), maana kwa wengi jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, haihesabiwi wanaposikia "nguruwe". Chakula cha Granada kiitwacho habas con jamón kinaonekana ni maharagwe ya kijani tu mpaka ukichambue. Salmorejo, supu baridi ya nyanya, hunyunyiziwa vipande vya jamón juu. Na ikikaribia Krismasi utakirimiwa vitamu vya mantecados na polvorones kila mlango; kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo soma karatasi yake utafute neno "manteca de cerdo".

Nyama halali inapatikana. Tafuta bucha lenye maandishi "carnicería halal". Msikiti mkuu wa Granada ulifunguliwa mwaka 2003 huko Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás, ukitazamana na Alhambra, ngome na majumba ya masultani wa zamani, ng'ambo ya bonde. Mji huu ulikuwa dola ya mwisho ya Kiislamu katika Hispania mpaka ulipokabidhiwa tarehe 2 Januari 1492, na chuo chenyewe ndicho kinachomiliki leo jengo la Madraza, lililoanzishwa na Sultan Yusuf I mwaka 1349. Ingia ukione chumba chake cha ibada. Alhambra nayo ikatie tiketi mapema sana. Huisha wiki kadhaa kabla.

Mkristo atapata kanisa kila baada ya hatua chache, ingawa utashangaa jinsi Jumapili ya kawaida inavyokuwa na vijana wachache. Wiki Takatifu ni kinyume chake: maandamano usiku kucha, sanamu nzito zinabebwa na watu, na mbele yake watu waliovaa kofia ndefu zilizochongoka zinazofunika uso. Vazi hilo ni la toba, na ni la karne nyingi. Usiogope ukiliona kichochoroni, na usivuke katikati ya msafara.

Dharura yoyote, piga 112. Wenyeji wana sifa ya ukavu wa ulimi wanaouita malafollá. Mhudumu akikujibu kwa mkato hajakuchukia. Lakini ukiingia dukani au kwenye lifti, toa salamu: "¡Buenas!" Kunyamaza ndiko kunakoonekana ukosefu wa adabu.

Hatua ya 11: Kuondoka

Mwezi mmoja kabla ya kurudi, mwandikie mwenye nyumba barua ya kuondoka na upige picha za kila ukuta. Dhamana isiyodaiwa kabla ya ndege mara nyingi haionekani tena. Cheti cha kumaliza ukaaji kisainiwe Granada kwa tarehe zinazolingana na siku ulizokaa kweli, kwa kuwa fungu la mwisho la ruzuku huhesabiwa kutokana na hicho. Akaunti ya benki ifunge baada ya fungu hilo kuingia, si kabla.

Matokeo rasmi huja baadaye, hutumwa chuo kwa chuo. Ukishayapata nyumbani, yapeleke mwenyewe kwa mkuu wa idara pamoja na mkataba wa masomo wa mwisho uliosainiwa, na uambatanishe maelezo ya madaraja: kule alama ni kati ya 0 na 10, kufaulu ni 5, notable huanzia 7 na sobresaliente 9. Usiiachie idara ikadirie yenyewe, na usiondoke ofisini bila kuambiwa kwa maandishi ni masomo gani yamehesabiwa.